Kofia Iliyovuliwa Mara Nne

Siku mliyoniaga, Nasor, meneja wetu, alisimama mbele ya sahani ya halwa na kikombe cha kahawa mkononi, akaisifia ripoti yangu ya kofia. Akasema mgeni yeyote atakayeajiriwa kwenye chumba chetu aisome hiyo kwanza kabla hajagusa kibodi. Mkanipigia makofi. Zuwena, mwenzetu mdogo, peke yake hakupiga. Alikuwa anatafuta kijiko, au alijifanya anatafuta kijiko. Nikala halwa yangu, nikashukuru, nikaendesha gari mpaka nyumbani Sib, na tangu hapo nina hasira isiyokwisha, na mwenye kuistahiki ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo naandika. Kwenye ripoti ile hamna neno la uongo hata moja, na bado ilimvua mtu mzima jina lake jema, mtu ambaye hakunijua wala sikumjua. Sitaki wageni wafundishwe kazi kwa karatasi ile. Wakitaka kujifunza kwangu, wajifunze haya. Vyeo na mishahara sitovigusa. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili nilipewa baada ya mwenye nacho kupata kazi benki.

Niliajiriwa kwa ajili ya vidole. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Ruwi, na sifa yangu ilikuwa kwamba naandika haraka na sichoki kukaa. Mjomba wangu akaniambia kuna kampuni imefungua ofisi Hamriya, ghorofa ya pili, juu ya mshona kanzu za dishdasha, inataka watu wa namna hiyo. Nilidhani ni kazi ya bima. Nikavaa abaya mpya, nikapanda ngazi zenye harufu ya pasi, nikakuta meza sita, skrini sita, na mwanamme mwembamba wa makamo anayechonga penseli kwa kisu.

Huyo ndiye Bwana Lin. Alikuwa ametoka kwao, kisiwa cha Taiwani, kuja kutufundisha. Alikuwa na jina refu zaidi, lakini mimi nilimwita Bwana Lin tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, naye aliniita Bi Zuhura, kwa sababu nilimwambia kwetu mtu mzima haitwi jina tupu. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja kibovu kwa namna yake, na tulifahamiana vizuri kuliko ninavyofahamiana na baadhi ya ndugu zangu.

Akaniwashia skrini. Wanaume waliovaa suruali nyeupe walikuwa wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa majani.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona wanaume wanasubiri."

Alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Akasema hiyo ndiyo besiboli yote, yaliyobaki ni maelezo.

Maelezo yenyewe, kwa wasioyajua, ni haya. Mrushaji husimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kurusha mpira. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo ili akimbie kituo hadi kituo, na nyuma yake mdakaji amechuchumaa. Kila mpira ulikuwa mstari mmoja kwangu: umerushwa vipi, umepita wapi, umeishia wapi. Mchezo mmoja una mipira karibu mia tatu. Ligi yao ya kulipwa huanza joto letu linapopanda na huisha linaposhuka, na mistari yangu ilikwenda kwa vituo vya televisheni, kwa magazeti, na kwa wale wanaoulinda mchezo usichafuliwe. Kwa nini kazi hii ifanywe Maskati? Kwa sababu ya saa. Wao wakianza saa kumi na mbili na nusu jioni, kwetu ni saa nane na nusu mchana. Adhuhuri nimeshaisali, na alasiri niliisali baina ya duru ya tatu na ya nne, wakibadilishana uwanja.

Miezi mitatu ya mwanzo Bwana Lin alinikataza kompyuta. Alinipa daftari na penseli yenye ncha mbili, buluu huku na nyekundu kule. Buluu kwa kilichotokea, nyekundu kwa kosa la mchezaji. Niliipenda sana nyekundu, kama kila anayeanza. Siku moja nikampa kosa mlinzi mmoja aliyeshindwa kuudaka mpira uliokuwa unamwendea taratibu. Bwana Lin akarudisha picha nyuma, akanionesha mpira ulivyogonga kijiwe ukabadilisha njia.

"Muombe radhi," akasema.

"Nani?"

"Huyo."

Nikaiomba radhi skrini, mtu mzima mimi na abaya yangu. Akanipa ufutio. Akaniambia nyekundu haifutiki kabisa, hata ukisugua vipi hubaki alama, kwa hivyo niwe nafikiri kabla sijaigeuza penseli. Wakati ule niliona ni mtu wa vituko tu.

Chombo kingine alichokithamini kilikuwa ile spika ndogo nyeusi iliyokaa juu ya kila meza, kitufe chake mkono wa kushoto. "Mchezo huu unasikilizwa," alikuwa akisema, na hakufanya mzaha. Kule kwao watazamaji hawakai kimya wakimenya karanga. Kila mpigaji ana wimbo wake mwenyewe. Akiingia tu, jukwaa la timu yake zima linauimba, kwa tarumbeta na ngoma kubwa, na mbele amesimama kiongozi mwenye filimbi anayewaelekeza. Timu ikiwa zamu yake ya kupiga, ngoma haikatiki. Ikienda kulinda, kelele zinahamia upande wa pili. Bwana Lin aliziba skrini yangu kwa faili na kuniuliza, "Nani anapiga? Wangapi wamefika vituoni?" Baada ya mwaka nilikuwa nikimjibu bila kukosea, kama mtu anavyojua nyumbani nani anapanda ngazi kwa kusikia kandambili zake.

Chini ya kioo cha meza yake aliweka noti ya kwao. Ina picha ya watoto wa shule waliovaa sare za besiboli, wanarusha kofia zao juu kwa furaha. Nilimuuliza ni nchi gani hiyo inayowaweka watoto wa mpira kwenye pesa badala ya wakubwa. Akaniambia mchezo uliletwa na Wajapani walipowatawala. Wajapani wakaondoka, mchezo ukabaki. Alipokuwa mdogo, watoto kama wale walikwenda kucheza ng'ambo wakarudi na ubingwa wa dunia, na mtaa mzima uliamka kabla ya alfajiri ukajazana kwenye televisheni ya jirani.

"Tulikuwa hatuna kingine cha kushinda," akasema.

Kila Alkhamisi asubuhi nilimpeleka Mawaleh, soko kuu la mboga lilipokuwa bado kule, maana aliogopa kuendesha gari kwenye barabara zetu na sikumlaumu. Alinunua kabichi na tangawizi, akibishana na wauzaji kwa vidole. Ndani ya gari, tukirudi na harufu ya tangawizi, ndipo siku moja aliponieleza habari ya timu yake.

Jina lake sitolitaja, halipo tena. Rangi yao ilikuwa kijani. Kazi yake Bwana Lin ilikuwa kuandika mchezo, lakini siku zake za mapumziko alikuwa jukwaani akiipigia timu hiyo ngoma. Kisha wacheza kamari wakaingia mpaka vyumba vya wachezaji. Wengine walishawishiwa, wengine walitishwa wao na wake zao, na mipira ikaanza kuachwa ipite makusudi. Ligi yao iliungua hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara majukwaa yalikaa matupu mpaka watu wakaanza tena kuamini. Polisi walipomaliza na timu ya Bwana Lin, haikubaki na wachezaji wa kutosha kusimama uwanjani. Ikavunjwa.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Nilipiga ngoma. Mchezo wa mwisho tulipiga mpaka mlinzi akaja kutuomba tutoke. Ngoma iko kwa dada yangu. Siku nikistaafu nitaichukua."

"Utampigia nani, na timu haipo?"

"Amebaki mmoja. Alisajiliwa mwisho mwisho, uchafu ule haukumgusa. Sasa anachezea timu nyingine. Akimaliza yeye, na sisi tumekwisha."

Nilikuwa naingia kwenye mzunguko, macho yangu yako kwa lori la matikiti. Sikumuuliza jina.

Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Kila mrushaji akipanda kichuguu, Bwana Lin aligonga meza kwa penseli: mara mbili, kimya, mara tatu. Nilimwambia aache, ananipotezea hesabu. Akasema ndivyo timu yake ilivyokuwa ikimkaribisha mrushaji wake, na mrushaji akiivua kofia kuitikia. Nikamwambia hapa Hamriya hakuna mrushaji. Hakuacha.

Alipostaafu nilimshonea kofia. Mnajua kofia zetu zinavyoshonwa, kitundu kimoja kimoja, nami nilikuwa naishona huku nikitazama michezo ya marudio. Badala ya uzi wa rangi nyingi nikatia kijani peke yake. Nilipompa nikamwambia, "Kwetu mwanamme akimheshimu mtu, anavaa kofia mbele yake." Akacheka, akasema kwao anaivua. Akaivaa, ikamkaa vizuri, akatoka nayo mpaka uwanja wa ndege. Noti yake ya watoto alikwenda nayo.

Mwaka wa maradhi, dunia ilipofungwa, ligi ya kisiwa kile ilikuwa karibu peke yake iliyokuwa ikicheza. Ghafla watu ambao hawakuwahi kujua besiboli ni kitu gani walitaka mistari yetu, na mimi nikaanza kupigiwa simu na jamaa kuulizwa kazi yangu. Watazamaji hawakuruhusiwa. Kwenye viti iliwekwa midoli iliyovaa jezi, imeshikishwa mabango, na ngoma zikapigwa na mashine. Mashine haishtuki wala haikati tamaa. Timu ikishinda ni hivyo hivyo, ikichapwa ni hivyo hivyo. Siku ya tatu kichwa kikaniuma. Nikanyoosha mkono wa kushoto nikazima spika. Chumba kikatulia, vidole vikaenda mbio, na Nasor akanisifu kwa kasi.

Watu waliporuhusiwa kurudi, midoli ikatolewa, ngoma zikarudi mikononi mwa wenyewe. Mimi sikuiwasha spika. Nilikuwa nimezoea raha yangu.

Nasor ni mtoto wa watu waliotoka Kigoma, mpole, mchapakazi, na anaamini kila kisanduku kwenye fomu kimewekwa ili kijazwe. Alituongezea safu ya mwisho kwa ajili ya wale wanaoulinda mchezo usichafuliwe: jambo lolote lisilo la kawaida. Yangu ilikaa tupu msimu mzima.

"Bi Zuhura," akanijia siku moja, "safu yako iko tupu kama friji ya kapera. Wenzako wanaandika."

"Mimi naandika nnachokiona, mwanangu. Mtu kasimama, karusha mpira. Nizue?"

"Usizue, hasha. Jaribu tu kuona zaidi."

Nione zaidi! Kijana niliyemfundisha mwenyewe kutofautisha mdakaji na mwamuzi. Nilichemka moyoni wiki nzima, na nikaapa nitaona zaidi mpaka achoke kusoma.

Ndipo akaja mrushaji ninayemwita Arubaini na Moja, kwa namba ya mgongoni mwake. Alikuwa mtu mzima kwa mchezo ule, bega limechoka, akiingizwa duru moja au mbili za katikati kuwapumzisha wenzake. Mchana mmoja alipanda kichuguu, akashika mpira, akawa tayari. Kisha akasita. Akageukia kona ya jukwaa nyuma ya kituo cha tatu, akavua kofia, akainama, akaivaa tena. Mpira aliorusha ukaenda nje kabisa.

Nilijua kwao kofia huvuliwa kwa adabu. Mrushaji akimgonga mpigaji kwa bahati mbaya huivua kumtaka radhi, nimeyaona hayo mara nyingi. Lakini hapa hapakuwa na aliyegongwa, na kwenye skrini yangu hapakuwa na chochote cha kuitikia. Na lazima niseme, pamoja na miaka yote ile, macho yangu yalibaki ya nyumbani. Marehemu baba hakumfungulia mgeni mlango mpaka aitafute kofia yake. Mwanamme anayeivua mbele za watu bila sababu, kwetu, ana lake jambo. Nikaliandika. Michezo mitatu, mara nne, kona ile ile, na kila mara mpira uliofuata ulikuwa mbovu. Mipira yake mingine mibovu, isiyokuwa na kofia, ilikuwa chungu nzima. Hiyo sikuiwekea maelezo, kwa sababu haikuwa na ajabu.

Nasor aliisoma akiwa amesimama. Akaituma siku hiyo hiyo, na kesho yake akaja na halwa ya moto, akatugawia wote. Zuwena alikuwa na wiki ya pili kazini. Akaniambia, "Hongera, Bi Zuhura, mimi nisingeona." Nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba ni mazoea tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ligi iliyokwisha kuunguzwa na kamari haiwezi kuidharau karatasi kama yangu. Arubaini na Moja akasimamishwa wakati wanamchunguza. Magazeti ya kwao yakaandika kofia, kona, mipira minne, kwa maneno yangu hasa, na Nasor akatusomea tafsiri chumba kizima. Ilisemwa pia kwamba mtazamaji mmoja aliyekuwa akikaa kona ile amezuiwa kuingia viwanjani. Nilisikia nikaendelea kunywa chai.

Uchunguzi haukupata kitu. Hakukuwa na simu, hakukuwa na pesa, hakukuwa na mtu. Habari ya kusimamishwa ilikuwa imejaa ukurasa. Habari ya kutoonekana na hatia tuliitafuta mpaka tukaikuta chini, karibu na hali ya hewa. Msimu ukaisha, timu yake haikumpa mkataba mwingine. Walisema ni umri. Labda. Nilijiambia hivyo miezi kadhaa, na nilikuwa naendelea vizuri tu na kujiambia, mpaka Zuwena alipoifungua ile michezo kujifunzia.

Zuwena, sasa nasema nawe. Unakumbuka ulikuwa umekaa mgongo kwangu, na wewe ni mtu wa kuwasha spika. Nikasikia ngoma. Mara mbili, kimya, mara tatu. Nzito, polepole, ngoma moja peke yake kwenye uwanja mzima, na mtu anayeipiga si wa timu yoyote kati ya zile mbili zilizokuwa zinacheza.

"Bi Zuhura," ukaniita, "hii ngoma ya nani? Kila anapoingia yule mrushaji inapigwa. Ndo anavua kofia. Shuf, tazama, anamwitikia."

Nikaja nikasimama nyuma yako. Ukaurudisha mchezo. Kamera ilipita kwenye kona ile kwa muda wa kupepesa jicho, na wewe ukaisimamisha. Kulikuwa na wazee wanne watano waliovaa jezi za kijani zilizopauka. Katikati yao mwembamba mmoja ameshika vijiti viwili juu ya ngoma, na kichwani amevaa kofia yetu ya kushona, nyeupe, uzi wa kijani. Ile kofia hainunuliki kokote. Mshono wa juu, upande wa kulia, nilikosea kitundu kimoja nikaona uvivu kukifumua.

"Unawajua?" ukaniuliza.

Nikakujibu, "Wazee wa mpira tu, mwanangu. Zima, nnaumwa kichwa."

Ukanitazama. Ukazima. Hukuniuliza tena, na siku ya halwa hukupiga makofi. Basi nakujibu leo. Nilimjua. Mwenye ngoma ni mwalimu wangu, na yule aliyemvulia kofia ni yule mmoja aliyebaki, ambaye sikumuuliza jina kwa sababu ya lori la matikiti. Kila alipopanda kichuguu, Bwana Lin alimkaribisha kwa ngoma ya timu iliyokufa, naye akaitikia kama alivyofundishwa alipokuwa mgeni. Mimi niliyefundishwa ngoma hiyo miaka tisa, kila siku, mezani kwangu, nimeizima nikaandika kwamba mtu anatoa ishara.

Kesho yake nilikwenda kwa Nasor. Sikumwambia yote. Nilimwambia nataka kuongeza maelezo kwenye ripoti ya kofia.

"Uliandika kitu usichokiona?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi khalas, Mama. Faili limefungwa, na uliandika ulichokiona. Wewe ndo mfano wetu, usijitie doa la bure."

Nikasema, "Haya." Na nitawaambia lililo baya zaidi: nilitoka mlangoni kwake nimepumua. Ningeweza kurudi, ningeweza kumruka nikawaandikia wakubwa wake. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Niliihesabu miezi yangu minane, na mtu wa watu jina lake likabaki pale pale.

Kumpigia simu Bwana Lin ilinichukua wiki tatu. Alipokea kwa furaha. "Bi Zuhura!" akaita, na nikasikia kuku nyuma yake, na mwanamke, labda dada yake, anawafukuza. Aliniuliza joto, aliniuliza Mawaleh, akasikitika soko limehamishwa. Kisha nikamuuliza kuhusu yule mrushaji wake.

"Yuko kwao, pwani ya mashariki," akasema. "Shule moja ilimtaka awafundishe watoto besiboli. Wazazi wakakataa. Wanasema palipofuka moshi hapakosi moto."

"Na wewe?"

"Mimi wameshaniruhusu kuingia uwanjani. Walinitumia barua nzuri, na muhuri. Lakini sasa nikampigie nani?"

Kuku wakarudi, wakafukuzwa tena.

"Ile ripoti," akasema, "nimeisoma gazetini. Buluu yote, hamna nyekundu hata moja. Imeandikwa vizuri sana. Nilipoisoma nilisema, huyu kafundishwa na mimi." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ile ile ya kuniziba skrini kwa faili. "Ni yako, Bi Zuhura?"

"Ni yangu."

"Ngoma hukuisikia?"

"Sikuisikia."

"Ulizima sauti?"

Angenitukana ningesema kweli. Angenipigia kelele ningesema kweli, naapa. Lakini aliuliza kwa upole, kama mtu anayekushikia mlango, na mimi nikapita.

"Spika ilikuwa mbovu," nikamwambia. "Miezi mingi. Niliwaambia wabadilishe, hawakubadilisha."

Akashusha pumzi. Nilisikia kitu kikimtoka, mzigo wa kufikiri vibaya juu yangu. Akasema, "Basi si kosa lako. Nilijua tu. Nilimwambia na mrushaji mwenyewe, mwanafunzi wangu hawezi kuizima." Akanitakia afya. Akaniambia kofia yangu bado anaivaa.

Zuwena, na nyinyi wote mtakaokaa kwenye meza zile: spika haikuwa mbovu. Iko pale kwenye meza niliyokuachia, kitufe mkono wa kushoto, na inafanya kazi.